Ngamia Wanamtaka Yarow

Msomaji, kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, au ulilikuta limekwisha kufungiwa mandazi, nisikilize kidogo nikurudishe njiani.

Mimi ni Mwalimu Rukiyo, mtu wa kandokando ya mto Tana pale Garissa. Nafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Hadado, kaunti ya Wajir. Juu ya Kiswahili nimebebeshwa kazi nyingine isiyo na jina wala cheo: mwanafunzi akitolewa shuleni, mimi ndiye wa kumfuata. Nimewafuata visimani, nimewafuata harusini, nimewafuata hata ndani ya lori la mbuzi. Baadhi nimewarudisha. Wengi sikuwarudisha, na nimechoka.

Wiki iliyopita nilikueleza habari za Yarow, kijana wa Kidato cha Nne, hodari wa hesabu, aliyetolewa na baba yake akachunge ngamia muhula huu wa mwisho. Nilimsihi baba huyo, Mzee Sugow, mpaka ulimi ukakauka. Tukakubaliana: nikipata mtu wa kushika nafasi ya Yarow malishoni, Yarow atarudi afanye mtihani wa taifa.

Nikampata Siyad, binamu yao kutoka Kutulo. Yarow akarudi darasani. Mimi nikalala usingizi wa pono.

Haukudumu. Simu ililia kabla sijanywa chai, na aliyepiga ni Mzee Sugow.

"Mwalimu," akasema, "ngamia imekataa."

"Imekataa nini, mzee?"

"Imekataa Siyad."

Nikapanda bodaboda mpaka njia ilipoishia, nikamaliza kwa miguu. Nilimkuta Siyad ameketi chini akisugua paja. Chombo cha kukamulia kilikuwa kando yake, kimelala ubavu, kikavu.

"Huyu ana jini," Siyad akaniambia, akimwonyesha kwa kidevu ngamia jike mmoja mweupe. "Nimechunga ngamia tangu nizaliwe. Sijaona kama huyu."

"Hana jini," Mzee Sugow akasema. "Ana msiba."

Mzee Sugow huongea nami Kiswahili kwa sababu Kisomali changu kinachechemea, na kila nikikijaribu yeye hucheka. P yake huwa b na v yake huwa f. Sitakuchosha kwa kumwiga kila neno.

Akanieleza. Yule mweupe anaitwa Adey, naye ndiye kiongozi. Ndama wake alikufa mwaka wa ukame. Ngamia aliyefiwa hufunga maziwa, hayatoki hata umfanyeje. Yarow akaenda akalala kando yake, akamwimbia, akamwimbia, mpaka Adey akamkubali yeye badala ya ndama. Tangu hapo bila Yarow hakamuliki; hata siku za shule, malisho yakiwa karibu, alimkamua alfajiri na jioni.

"Na hawa wengine?" nikauliza.

"Hawa wengine wanaangalia Adey. Adey akifunga, wote wanafunga."

"Basi kamua wewe, mzee."

Akainua mkono wake wa kulia. Ulifika kifuani ukagoma. Bega liliharibika akivuta maji kisimani, mwaka uleule wa ukame. Mwanawe mkubwa yuko Nairobi, anauza nguo, na kinachotoka kwake ni salamu tu.

"Nyumbani kuna watoto bado wadogo," akasema. "Wanakunywa nini, Mwalimu? Wanakunywa hesabu?"

Ukweli ukisemwa na mtu mwenye njaa huwa hauna mlango wa nyuma.

"Nipe siku chache," nikamwambia.

"Mawingu iko upande ya Takaba. Nataka kuhama. Wewe tafuta dawa. Ukikosa, mimi nakuja kuchukua kijana yangu."

Nilirudi shuleni nikiwaza dawa ya ngamia mwenye msiba. Chuoni nilifundishwa ngeli na ushairi. Hili hawakutufundisha.

Wazo likaja nikiwa nasahihisha insha. Kama Adey anataka sauti ya Yarow, si nimpelekee sauti?

Nikamwendea mwalimu mkuu, Bwana Bishar, kuomba ruhusa ya kumrekodi mwanafunzi kwa simu.

"Simu haziruhusiwi kwa watahiniwa, Mwalimu Rukiyo. Wewe ndiye uliyeandika hiyo sheria."

"Ni simu yangu. Na anayerekodiwa anamwimbia ngamia."

Bishar akanipungia mkono. "Nenda," akasema, "na usinieleze zaidi."

Yarow alikuwa mgumu kuliko ngamia wake.

"Madam, hapana. Hiyo itafika TikTok. Mabeshte watanimaliza."

"Hakuna atakayeisikia ila Adey."

"Na hao?"

Nikageuka. Nusu ya Kidato cha Nne ilikuwa imejazana nyuma ya jiko, imejiziba midomo kwa mikono. Nikawafukuza. Wakarudi nyuma hatua moja.

"Yarow," nikasema, "baba yako anakuja kukuchukua. Chagua aibu au malishoni."

Akafumba macho akaimba. Kisomali changu kibovu, lakini haya niliyaelewa: njoo, mama wa aliyekwenda, aliyebaki ni mimi. Akayarudia na kuyarudia, kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa. Wale waliokuja kucheka hawakucheka. Mmoja alijifuta uso kwa mkono wa sweta akajifanya ni vumbi.

Mpaka Jumamosi ngamia walikuwa wamehamishwa malisho, nami sikujua njia. Nikahitaji mtu wa kunipeleka. Hapo ndipo nilipojitafutia balaa kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilimchukua Ramlo.

Ramlo ni dada yake Yarow, Kidato cha Pili. Ni msichana mpole, asiyejibu darasani mpaka umwite mara ya pili, lakini mpe kalamu. Insha zake ndizo ninazowasomea walimu wenzangu wakati wa chai, nao huniuliza nimezitoa kitabu gani. Kama kuna mtoto mmoja hapa Hadado aliyenifanya nisirudi Garissa, ni huyo. Nilimchukua kwa sababu anaijua njia. Basi.

Tukafika. Mzee Sugow akanikaribisha. Siyad akasimama mbali kidogo, chombo mkononi, akiwa hana haraka ya kufa.

Nikafungulia simu.

Adey akainua shingo. Masikio yakageuka. Akaja mwenyewe, polepole, akasimama karibu nami mpaka nikasikia pumzi zake zikinipiga kwenye mtandio. Siyad akajipenyeza ubavuni, akasimama kwa mguu mmoja, chombo juu ya paja kama wafanyavyo, akaanza kukamua.

Maziwa yakatoka.

"Alhamdulillahi," Mzee Sugow akasema.

Mimi nikacheka kwa sauti. Nilijiona nimeshinda Wajir nzima.

Kisha Adey akapinda shingo kumtafuta mwimbaji. Akanusa kichwa cha Siyad. Akanusa bega lake. Akaja akanusa simu. Yarow akaendelea kuimba, na Adey akaendelea kutafuta, na Yarow hakuwepo.

Sijui ngamia huwaza nini. Najua kwamba teke lilipotoka, Siyad alikuwa chini, chombo kilikuwa chini, maziwa yamenyweka mchangani, na simu yangu ilikuwa chini ya unyayo mpana kuliko sahani. Wimbo ukakatika. Adey akalia kilio ambacho sikuwahi kukisikia, na wengine wote wakaitikia.

"Umemdanganya," Mzee Sugow akaniambia. Hakukasirika. Hilo ndilo lililoniuma.

Niliruka majivu nikakanyaga moto. Nilikuwa nimeinama kuokota vipande vya simu niliposikia wimbo umeanza tena.

Nikatazama mkononi. Simu ilikuwa mfu.

Alikuwa Ramlo. Alikuwa anamwendea Adey mikono mitupu, anaimba wimbo wa kaka yake kwa mahadhi yaleyale, pumziko lilelile mwisho wa mstari. Bila shaka alikuwa ameusikia tangu ukame ule, kila jioni, akiwa kando na mbuzi wake. Adey akanyamaza. Ramlo akamwekea shavu ubavuni. Akaokota chombo, akakipangusa kwa shungi lake la kichwani, akasimama kwa mguu mmoja.

Maziwa yakapiga chombo, kwanza kwa kusitasita, halafu kwa nguvu, mpaka povu likapanda.

Ninyi wa huko kwingine labda hamjui, lakini hapa mwanamke hakamui ngamia. Hukamua mbuzi, hukamua ng'ombe. Ngamia ni wa wanaume na vijana wa kiume, na wapo wazee wanaoamini kwamba ngamia akikamuliwa na mwanamke, baraka inaondoka zizini.

Siyad akautazama mchanga. Mzee Sugow akajifunika macho kwa ule mkono mzima.

"Subhanallah," akasema. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, funga macho yako. Sisi hatukuona kitu."

"Mimi sikuona kitu, mzee."

"Fizuri."

Tukacheka wote, hata Siyad. Ramlo akaleta maziwa, tukayanywa yangali na joto. Nikamsifu mbele ya baba yake, nikasema mashallah, binti huyu ana mkono. Nilisema hivyo kwa kinywa changu. Sikuogopa chochote, kwa kuwa mila ilikuwa upande wangu. Mtoto wa kike hachungi ngamia, kwa hiyo hatatolewa shuleni kwa ajili ya ngamia. Niliona leo Ramlo amemtuliza Adey, kesho Siyad ataendelea, na mambo yamekwisha.

Jumatatu kiti cha Ramlo kilikuwa kitupu.

Nikajiambia anaumwa. Siku iliyofuata nikajiambia hivyohivyo. Siku ya tatu nikaacha kujidanganya, nikatafuta bodaboda.

Niliwakuta wanafunga mizigo kuelekea upande wa Takaba. Mikeka ilikuwa tayari juu ya ngamia. Ramlo alikuwa kwa mbali, amefunga shungi kiunoni, anawakusanya ndama.

"Mzee Sugow," nikasema, "yule pale anafanya nini?"

"Anafanya kazi."

"Mtoto wa kike? Na ngamia? Mila imekwenda wapi?"

Akaketi juu ya jiwe, akanionyesha nikae na mimi. Nikakataa. Akaongea bolebole, kama mtu aliyeyapanga maneno yake njia nzima.

"Mila hiyo ilikuwa ya watu wenye watoto wa kiume wengi. Mimi nina wawili tu wakubwa. Mmoja Nairobi imekula. Mmoja wewe umechukua. Nimebaki na nini?"

"Lakini hatukukubaliana hivi."

"Mwalimu. Wewe ulikuja hapa, ulisema Yarow. Ulilia, ulisema Yarow, Yarow, Yarow. Ulitaja Ramlo siku gani?"

Nikamtazama Ramlo kule kwa ndama.

"Uliomba mtoto moja," akasema. "Nimekupa moja."

Nikamwendea Ramlo. Hakunikimbia. Aliniamkia kwa adabu kama vile tuko kwenye ukumbi wa shule.

"Madam, usihuzunike. Mimi niko Form Two tu. Nina muda. Yarow hana."

"Utarudi lini?"

"Mvua ikinyesha."

Mvua ikinyesha. Laiti ningekuwa na punje moja ya mchele kwa kila mtoto aliyeniambia maneno hayo, ningelisha bweni. Nawajua waliosema mvua ikinyesha, na mvua ikanyesha mpaka barabara ya Wajir ikakatika, nao leo ni mama wa watoto watatu.

"Unataka kurudi?" nikamuuliza.

Hakunijibu. Nikamuuliza mara ya pili, kama darasani.

"Nataka sana," akasema, akakimbilia ndama aliyekuwa anapotea.

Niliporudi shuleni, nilikwenda moja kwa moja kwa Bishar. Nikamwambia namwita chifu. Sheria ipo, mtoto lazima awe shuleni.

"Mwite," Bishar akasema. "Mzee atamtoa Ramlo kwenye ngamia mbele ya chifu, na chifu akigeuka atawatoa wote wawili shuleni, na watavuka mpaka wa kaunti kabla hujala chakula cha mchana. Umekaa hapa miaka yote hii, hujui hilo?"

"Najua."

"Basi nyamaza. Na Yarow asisikie. Akisikia atakwenda."

Nikanyamaza. Watahiniwa hawaruhusiwi kutoka nje ya ua wa shule msimu wa mtihani, kwa hiyo ilikuwa rahisi.

"Madam," Yarow akaniuliza jioni moja, "sijamwona Ramlo. Yuko wapi?"

"Ana homa kidogo. Yuko kwa mama."

"Atapona?"

"Inshallah."

Akanishukuru. Akarudi kwenye hesabu zake. Nami nikaenda chooni nikalia, kwa kuwa kwa mwalimu hapa chooni ndipo pa pekee penye komeo.

Ikafika siku ya dua ya watahiniwa. Wazazi walikuja, sheikh akaja, mikeka ikatandikwa. Nilimwomba Mungu Mzee Sugow asije. Akaja, amevaa kikoi kipya, amebeba dumu la maziwa ya ngamia.

"Hii ni ya watoto wa mtihani," akatangaza, na watu wakamwombea kheri.

Akammiminia Yarow kikombe cha kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu. Nikajaribu kumkonyeza. Mzee hanitazami.

"Kunywa, kijana yangu. Usiwe na wasiwasi ya Adey. Dada yako ana mkono kushinda wewe."

Kikombe kilikuwa kimefika midomoni mwa Yarow. Kikabaki hapo. Kisha akakishusha, akakiweka juu ya meza taratibu bila kumwaga hata tone.

Hakumtazama baba yake. Alinitazama mimi.

"Madam," akasema, "homa imeisha?"

Nimetukanwa na wazazi. Nimewahi kurushiwa kiatu na bwana harusi. Hakuna lililonikata kama swali hilo la heshima.

Kesho yake kitanda cha Yarow kilikuwa kimetandikwa vizuri, na Yarow hakuwepo.

Bishar hakupiga kelele. "Tulikuwa na mmoja," akasema. "Sasa hatuna hata huyo." Akaingia ofisini akafunga mlango.

Mama yangu akapiga simu kutoka Garissa siku hiyohiyo, kwenye kisimu kidogo nilichoazima.

"Rukiyo, watoto wa watu watakuzika. Rudi nyumbani. Ndizi zimekosa mtu wa kuzimwagilia maji."

"Nikimaliza mtihani huu, mama."

"Ulisema hivyo mwaka jana."

"Safari hii nasema kweli."

"Na hilo pia ulilisema," mama akajibu, akaniuliza kama nimekula.

Sikuwa nimekula. Mzee Sugow alikuwa bado mjini, kwenye matanga ya jamaa yake, na nilipokutana naye sokoni tulipishana kama watu wanaodaiana salamu. Hakujua mwanawe ametoroka. Sikumwambia. Uwongo ukishauzoea unakuwa kama kiatu kilichopasuka, unatembea nacho tu.

Ikafika asubuhi ya mtihani. Mitihani ililetwa kwa gari, na askari ndani. Msimamizi alikuwa bwana mmoja mfupi kutoka Wajir mjini, mwenye miwani, hacheki. Akaita majina mlangoni.

"Yarow Sugow."

Akainua macho kutoka kwenye orodha.

"Yarow Sugow yuko?"

Wanafunzi wakanigeukia mimi. Bishar akatazama dari.

"Anakuja," nikasema.

"Yuko wapi?"

"Njiani."

Sikujua njia gani. Msimamizi akatazama saa ya ukutani. "Akichelewa kupita muda unaoruhusiwa, mimi sina uwezo," akasema, na nadhani alikuwa mtu mwema kwa jinsi alivyolisema.

Nikatoka nje kwa kuwa miguu ilikataa kubaki. Mahat, mlinzi wa lango, alikuwa ananijia mbio, rungu limemtoka mkononi.

"Mwalimu, kuja uone. Kuja haraka. Mimi sijui nifungue au nifunge."

Nikafika langoni.

Ua wote wa shule, upande ule, ulikuwa umejaa shingo za ngamia. Walisimama wakitafuna hewa, mbavu zinaonekana, vumbi mpaka kwenye kope. Mbele alikuwa Yarow, kamba ya Adey mkononi. Nyuma alikuwa Ramlo, miguu myeupe kwa vumbi mpaka magotini, anamsukuma ndama wa mwisho.

"Siyad yuko wapi?" ndilo swali lililonitoka.

"Alijaribu kutuzuia," Yarow akasema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Ngamia wakanifuata mimi. Madam, wameanza?"

"Wameanza."

Akanitia kamba mkononi.

"Mshike Adey. Akisimama yeye, wote watasimama. Nikitoka nitawakamua." Akapiga hatua, akarudi. "Na tafadhali, Madam, usimwimbie."

Akakimbia. Nilimwona akiinama mlangoni kwa msimamizi, msimamizi akatazama saa, akatazama miguu ya kijana, akasogea pembeni.

Ramlo akanawa kwenye bomba la maji, akajipangusa kwa shungi, akaingia Kidato cha Pili na dera lake la malishoni. Nikamsikia mwalimu wa darasa akimwambia akae.

Wote wawili walikuwa ndani. Nakwambia msomaji, nililia pale langoni mbele ya Mahat na mbele ya ngamia, nami sikuona haya. Kwa muda ule mfupi nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote katika Wajir. Adey alininusa mtandio, akaamua simhusu, akatulia.

Kisha nikasikia pikipiki.

Aliyeshuka ni Mzee Sugow, na Siyad nyuma yake, anachechemea. Nikajiandaa kwa matusi. Hayakuja. Mzee alipita kwanza kwa ngamia wake, mmoja mmoja, akiwapapasa ubavu kwa ule mkono mzima. Kwa ndama mmoja alisimama muda mrefu.

"Kule kulikuwa na majani," akasema bila kunigeukia. "Mvua ilikuwa imefika. Walikuwa wamekula vizuri siku moja. Siku moja bekee. Sasa wamerudi kwa mchanga."

"Mzee, samahani."

"Huyu ndama hawezi kutembea tena kwenda kule na kurudi."

"Samahani, mzee."

Akaja akasimama kando yangu. Kutoka pale langoni dirisha la ukumbi linaonekana, na ndani yake kilionekana kichwa cha Yarow kimeinama, kalamu inakwenda. Mzee alikitazama mpaka nikadhani amenisahau.

"Ni yeye ile?"

"Ni yeye."

"Anaandika haraka hivyo?"

"Ndiye mwenye kasi kuliko wote."

Macho yake yalilowa. Akayaacha hivyo, hakuyafuta.

"Mtihani inaisha leo?"

Nilitamani kumdanganya. Nilikuwa nimeshadanganya wengi kwa ajili ya mtihani huu, mmoja zaidi usingeongeza kitu. Lakini nilikuwa nimechoka, na yeye alikuwa amechoka, na watu wawili waliochoka hawana nguvu ya kuchezeana.

"Hapana, mzee. Ni karibu mwezi."

"Mwezi."

"Na Ramlo ana miaka mingine mbele."

Akatikisa kichwa. Adey akanyoosha shingo kuelekea dirishani, akalia mara moja. Ndani ya ukumbi kile kichwa kiliinuka kidogo, kikainama tena.

"Mimi si mtu mbaya, Mwalimu," Mzee Sugow akasema.

"Najua."

"Watoto wale wadogo hawajakunywa tangu jana."

"Najua, mzee."

Akanyoosha mkono wake mzima kuelekea kamba niliyoishika.

"Basi nipe ngamia yangu. Halafu ingia ndani uniitie mtoto moja." Akasubiri. Nami sikusogea. "Kila siku wewe ndio unakuja kuniambia mimi nichague. Leo chagua wewe."